Mjinga Si Mpumbavu: Nadharia za Akili na Ubunifu katika Mizani ya Kiswahili






Mimi ni mwanaisimu, si mwanasaikolojia. Mgeni hubisha hodi, nami leo nabisha hodi katika nyumba ya wanasaikolojia, kwa kuwa ndani yake kuna maneno ambayo sisi wa lugha tuna haki ya kuyauliza maswali.

1.0 Utangulizi

Nimelelewa Magomeni, katika mojawapo ya mitaa iliyo kati ya Mapipa na Mwembechai. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa na rafiki aliyetushinda sote kwa kutengeneza magari ya waya. Magurudumu aliyakata kutoka katika soli za ndala zilizochakaa. Gari lake moja lilikuwa na taa: balbu ya tochi na betri mbili kuukuu, ambazo tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo. Jioni alilisukuma gari lile uchochoroni, nasi tukamfuata nyuma. Watu wazima wa mtaa walimwita mtundu. Wengine walisema hivyo huku wakitabasamu, wengine huku wakitafuta fimbo.

Sote wawili tulibahatika kuingia sekondari. Siku moja mwalimu alichora ubaoni betri mbili, waya na balbu, akaacha mwanya mdogo katika waya. Akamwuliza rafiki yangu, kwa Kiingereza, kwa nini taa ile haitawaka. Jambo hilo alikuwa akilijua kwa vidole vyake tangu akiwa na miaka kumi. Alisimama, akautazama ubao, akanyamaza. Mwalimu alimwita mpumbavu, na darasa likacheka. Nami nilicheka. Kabla ya kumaliza kidato cha pili aliacha shule.

Nimekitafakari kicheko kile kwa miaka mingi. Katika mhadhara huu nitajaribu kuonyesha kwamba nadharia kuu za saikolojia kuhusu akili na ubunifu, zikipimwa kwa mizani ya msamiati wetu wenyewe, zinatufikisha kwenye tofauti moja ambayo Kiswahili kimeitunza muda mrefu, nayo ni tofauti kati ya mjinga na mpumbavu. Hoja yangu ya msingi ni kwamba mfumo wetu wa elimu umeisahau tofauti hiyo, na kwamba gharama ya kusahau huko hulipwa na watoto.

2.0 Kipimo cha akili kilivyozaliwa na kilivyosafiri

Mwaka 1904 Charles Spearman wa Uingereza alionyesha kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri katika jaribio moja la akili huelekea kufanya vizuri katika mengine. Akapendekeza kuwa nyuma ya majaribio yote ipo nguvu moja ya jumla, ambayo aliiwakilisha kwa herufi g. Mwaka uliofuata Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao huko Paris. Kusudi la Binet halikuwa kuwapanga watoto kwa daraja la kudumu. Serikali ya Ufaransa ilitaka kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni, naye aliamini kwamba akili ya mtoto yaweza kuzoezwa na kukuzwa.

Binet alifariki mwaka 1911. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akatoa toleo la Kimarekani la kipimo hicho. Tangu hapo, kilichokusudiwa kuwa tochi ya kumtafuta mtoto aliyepotea kilianza kutumika kama muhuri. Mtu alipewa namba, na namba ikachukuliwa kuwa ndiye mtu.

Muhuri huo ulifika kwetu pia. Katika miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon na mwenzake F. W. Vint, waliokuwa Kenya, walidai kuwa ubongo wa Mwafrika ulikuwa na upungufu wa kimaumbile. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari mjini Nairobi, ambacho kilimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Madai hayo leo hayana mtetezi mwenye heshima katika sayansi. Nayataja kwa sababu yanatukumbusha kwamba kipimo cha akili hakikuingia Afrika Mashariki kikiwa na mikono mitupu. Kilikuja kikiwa na jibu mkononi, kikawa kinatafuta swali.

Hata hivyo, uadilifu wa kitaaluma unatudai tuseme na upande wa pili. Ugunduzi wa Spearman kwamba majaribio ya akili huvutana pamoja umethibitishwa mara nyingi mno, na hauwezi kufutwa kwa hasira. Tunachoweza kuuliza ni hiki: majaribio hayo yanavutana kwa sababu ya akili yenyewe peke yake, au pia kwa sababu yote yamesukwa kwa uzi mmoja wa shule, kitabu na lugha?

Mfano mmoja mashuhuri unatoka Liberia. Katika miaka ya 1960 Michael Cole na wenzake waliwaomba wakulima wa Kikpelle wapange vitu katika makundi. Wakulima waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa. Watafiti walitarajia vyombo viwekwe na vyombo, na vyakula na vyakula. Mkulima mmoja alieleza kwamba hivyo ndivyo afanyavyo mtu mwenye busara. Alipoulizwa mpumbavu angepangaje, vitu vilipangwa sawasawa kama watafiti walivyotaka tangu mwanzo. Uwezo wa kupanga kwa aina ulikuwepo. Kilichotofautiana ni fikira za pande mbili kuhusu tendo la akili ni lipi.

3.0 Akili katika msamiati wetu

Kama ni hivyo, yafaa tuulize Kiswahili kinasema nini. Neno akili limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una uhusiano na kufunga. Kamba ya kumfungia ngamia goti ina asili hiyohiyo. Akili kwa asili hiyo ni kile kimzuiacho mtu asipotee. Busara inatokana na mzizi wa kuona. Maarifa ni ujuzi, lakini Mswahili akikwambia utafute maarifa, hana maana ya kukupeleka maktaba. Anataka ubuni njia ya kutoka katika shida. Kisha tuna werevu, ambao ni wepesi wa kung'amua, na ujanja, ambao ni werevu usiojali sana haki ya mwenzio. Msemaji wa Kiswahili hawezi kulichanganya neno busara na neno ujanja, ingawa kipimo cha Terman kingeyapa yote mawili alama moja.

Jirani zetu wanashuhudia jambo kama hilo. Mallory Wober, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1974 kuhusu dhana ya Kiganda ya obugezi, alikuta kwamba Waganda wa vijijini waliihusisha akili na utaratibu na uangalifu, wala si kasi. Miongoni mwa Wajaluo wa Kenya, Elena Grigorenko na wenzake walieleza mwaka 2001 kwamba akili hutajwa kwa maneno manne: rieko, yaani ujuzi, luoro, yaani heshima na kuwajali wengine, winjo, yaani kuelewa namna ya kukabili mambo ya maisha, na paro, yaani fikira na kuthubutu kuanza jambo. Kati ya manne hayo, ni la kwanza hasa ambalo shule hulipa alama.

Dar es Salaam nayo ina nadharia yake, tena imeifanya kuwa jina la mji. Bongo, kutoka katika ubongo, ni mji ambao asiyetumia kichwa haishi. Jina hilo huhusishwa na kipindi kigumu cha uchumi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati bidhaa zilipoadimika na mshahara ukawa hautoshi. Mwaka 1983 serikali iliendesha operesheni ya Nguvu Kazi, ambapo watu wasio na ajira rasmi walikamatwa mjini na kupelekwa mashambani. Sheria iliwaona kuwa wazururaji. Lugha ya mtaani iliwaona kuwa watu wa bongo. Mtu yuleyule, katika kona ileile ya Kariakoo, alikuwa mzigo kwa msamiati mmoja na hodari kwa msamiati mwingine.

4.0 Kutoka Recife hadi Bagamoyo

Saikolojia yenyewe ilichelewa kufika kwenye kona hiyo, lakini ilifika. Mwaka 1983 Howard Gardner alitoa nadharia ya akili nyingi, akitaja saba. Nadharia hiyo imependwa sana na walimu, japokuwa ushahidi wa kuonyesha kwamba akili hizo kweli zinajitegemea ni mdogo. Mwaka 1985 Robert Sternberg alipendekeza pande tatu: akili ya kuchambua, akili ya kubuni na akili ya kutenda katika mazingira.

Mwaka huohuo wa 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa katika mitaa ya Recife, Brazili. Walipouliziwa hesabu sokoni kama wateja wanavyouliza, watoto walipata asilimia 98 ya majibu. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwa tarakimu tupu, walipata asilimia 37 tu.

Atokaye Magomeni hashangai. Mwambie kijana wa sokoni kwamba unataka mafungu saba ya nyanya, kila fungu shilingi 500, nawe umempa noti ya 10,000. Hachukui kalamu. Mafungu mawili ni elfu. Sita ni elfu tatu. Moja limebaki, ni 3,500. Chenji yako 6,500. Amevunja namba, akaziunga upya, akakagua jibu kabla hujafungua mkoba. Mwandikie 7 × 500 juu ya karatasi yenye kichwa cha mtihani, nawe waweza kumwona akitokwa na jasho.

Utafiti unaotuhusu kwa karibu zaidi ulifanyika Bagamoyo. Mwaka 2002 Sternberg, Grigorenko, Damaris Ngorosho na wenzao walichapisha matokeo ya kazi yao kwa watoto wa shule za vijijini huko. Kwa kawaida kipimo hutolewa mara moja na hukumu ikapita. Wao walimpima mtoto, wakamfundisha kwa muda mfupi mbinu za kutatua maswali ya aina ile, kisha wakampima tena. Alama za watoto waliofundishwa zilipanda. La muhimu zaidi, alama za mwanzo za watoto hao hazikutabiri vizuri alama zao za mwisho. Aliyeonekana dhaifu asubuhi hakuwa lazima dhaifu baada ya kuelekezwa. Wazo hilo lina mizizi katika kazi ya Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934, aliyeshikilia kwamba la kutazamwa ni umbali kati ya afanyalo mtoto peke yake na awezalo akisaidiwa.

Hali kadhalika, huko Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 ujuzi wao wa dawa za mitishamba, ujuzi ambao mtoto wa pale huutumia kweli anapougua. Watoto waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini zaidi katika vipimo vya msamiati. Familia zilikuwa zimewekeza mahali tofauti: huyu kaachiwa shule, yule kaachiwa shamba.

Nako Embu, nchini Kenya, Tamara Daley na wenzake walilinganisha watoto wa 1984 na wa 1998, wakakuta alama za vipimo vya akili zimepanda sana katika miaka 14. Watafiti waliyahusisha mabadiliko hayo na lishe na afya, wazazi kujua kusoma, na muundo wa familia. Damu ya watu wa Embu haikubadilika katika miaka 14. Mazingira ndiyo yaliyobadilika.

Sasa turejee kwenye msamiati. Mpumbavu ni asiyeweza au asiyetaka kutumia akili. Mjinga ni asiyejua bado. Zamani katika pwani yetu neno mjinga lilitumika hata kwa mgeni aliyetoka bara, ambaye hajazijua desturi za mji. Ndiyo maana wahenga walisema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Na ndiyo maana taifa hili lilipotaja maadui zake baada ya uhuru, lilitaja ujinga, umaskini na maradhi, halikutaja upumbavu. Ujinga hufutwa. Kampeni za kisomo cha watu wazima za miaka ya 1970 zilisimama juu ya imani hiyo. Kwa maneno mengine, waliyoyakuta watafiti wa Bagamoyo kwa takwimu, Kiswahili kilikuwa kimeyahifadhi katika jozi ya maneno.

5.0 Ubunifu na mashaka yetu

Nisiwafanye mdhani kwamba lugha yetu imekamilika. Katika suala la ubunifu ina deni.

Mwaka 1950 J. P. Guilford aliwalaumu wanasaikolojia wenzake wa Marekani kwa kuupuuza ubunifu. Alitofautisha fikra inayokusanyika kwenye jibu moja sahihi na fikra inayotawanyika kutafuta majibu mengi. Kutokana na wazo hilo Paul Torrance alitunga vipimo vyake vya ubunifu mwaka 1966. Baadaye Mihaly Csikszentmihalyi alibadili swali lenyewe. Badala ya kuuliza ubunifu ni nini, aliuliza uko wapi. Alijibu kwamba uko katika makutano ya mambo matatu: mtu mwenye wazo jipya, uwanja wa maarifa wenye kanuni zake, na watu wenye mamlaka ya kukubali au kukataa.

Wanafunzi wa fasihi wataitambua picha hiyo mara moja. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani vya kimapokeo, mgogoro kati ya wanamapokeo na wanausasa haukuwa juu ya kipaji chake. Ulikuwa juu ya nani mwenye funguo za neno shairi. Leo mashairi huru husomwa darasani pamoja na tarbia. Uwanja ulipanuka, lakini ulipanuka baada ya ubishi mrefu.

Edward Saidi Tingatinga hakupata nafasi ya kuuona ubishi wake ukimalizika. Alizaliwa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora juu ya mbao laini za ujenzi kwa rangi za kung'aa zilizotumika kupaka baiskeli. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Mtindo uliobeba jina lake umeenea duniani. Hakuna kipimo ambacho kingemwona, kwa sababu alichokibuni hakikuwa jibu la swali la mtu yeyote.

Sasa tazameni maneno yetu. Kubuni ni kuanzisha jambo ambalo halikuwepo. Lakini habari ya kubuni ni uongo. Mtundu ni mwenye ujuzi wa kuchokonoa na kuunda. Lakini mtundu pia ni mtoto msumbufu anayestahili fimbo. Katika maneno hayo mawili lugha imeweka sifa na shutuma ndani ya kanzu moja. Silaumu. Jamii iliyopokea akili kwa maana ya kamba ina haki ya kumwogopa anayeifungua. Lakini mwalimu anayelitamka neno mtundu darasani anachagua upande mmoja wa maana, na mtoto husikia upande huohuo maisha yake yote.

6.0 Lugha ya swali

Hapa ndipo nadharia zinapokutana na ubao wa shule yangu ya zamani. Mwaka 1978 ripoti ya Penina Mlama na May Matteru ilionyesha haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta wengi hawawezi kukitumia kujifunzia. Hadi leo Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika shule za sekondari.

Mjadala huu umeendeshwa zaidi kwa hoja za utaifa na za utandawazi. Mimi naomba tuuongezee hoja ya kipimo. Kila mtihani una maswali mawili: lile lililoandikwa, na lugha lililoandikiwa. Mtoto akishindwa la pili, mtahini hana namna ya kujua kama angeweza la kwanza. Hivyo alama ya fizikia ya mtoto asiyejua Kiingereza si alama ya fizikia. Ni ujinga wa lugha uliosajiliwa kuwa upumbavu wa akili.

Sisemi kwamba Kiswahili peke yake kitazaa wavumbuzi. Mwalimu anayedai jibu moja la kukariri atalidai kwa lugha yoyote. Wala sisemi Kiingereza kisifundishwe. Kifundishwe, tena vizuri, kama somo. Ninachosema ni kwamba hatuna haki ya kusema lolote juu ya akili ya mtoto kabla ya kumwuliza katika lugha anayoota nayo ndoto.

7.0 Hitimisho

Kwa wanafunzi wa isimu waliopo hapa naacha kazi. Maneno ya akili katika lugha zetu za Tanzania, zaidi ya mia moja, kwa sehemu kubwa hayajachunguzwa kwa kina. Kila moja ni nadharia iliyopimwa na vizazi vingi. Yakusanyeni, myaulize yanatofautisha nini na nini, kisha muwapelekee wanasaikolojia na watunga mitihani.

Rafiki yangu yungali Magomeni. Anatengeneza redio, feni na pasi chini ya kibanda kidogo kando ya barabara. Miezi michache iliyopita nilimpelekea redio yangu. Aliifungua, akaitazama kwa muda, akanionyesha waya uliokatika.

"Ndugu yangu," akaniambia, "umeme ni kama mgeni. Usipomwonyesha njia ya kurudi, haji."

Nilimwuliza kama anakumbuka siku ile ya ubaoni. Akasema anaikumbuka, na kwamba jibu alikuwa nalo. Kisha akaniuliza kwa nini tulicheka. Mimi, profesa wa lugha, nilisimama pale kibandani, nikanyamaza.